Alama Kumi kati ya Mia

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mpwa wangu amekuja na orodha. Amevipanga vikosi vya dramu vya Marekani kwa nafasi zao za msimu uliopita, kutoka juu kwenda chini, na anataka kuomba nafasi ya snea kwa kuufuata mpangilio huohuo: kwanza mabingwa, wakimkataa aende kwa wa pili, wakimkataa aende kwa wa tatu. Boston Crusaders wako kichwani kwa sababu Agosti walichukua ubingwa wa Drum Corps International, wa kwanza kwao, na kikosi chenyewe kilianzishwa 1940. Nilifurahi nao sana. Lakini hii orodha haijanikaa, na nataka niandike kwa nini kabla sijamjibu kijana wa watu.

Nafasi ya kikosi si nafasi ya dramu zake. Alama ni mia. Arobaini zinakwenda kwa mvuto wa onyesho zima. Thelathini ni za macho: mwendo, mistari, wacheza bendera. Thelathini zilizobaki ni za muziki, na humo ndani mna karatasi tatu, ya tarumbeta, ya dramu na ya muziki kwa ujumla, kila moja kwa 20. Zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo dramu zote, kuanzia snea na tenori na besi zinazobebwa, hadi marimba, vibrafoni na timpani zilizosimamishwa mbele ya uwanja, zinabeba alama kumi tu. Ukiwazidi wenzako kwa 0.4 kwenye karatasi ya dramu, na pengo la 0.4 pale juu ni pengo la heshima, unaongezewa 0.2 kwenye jumla.

Nimemwonyesha hesabu hiyo. Akaikodolea macho, akasema, “Sasa mjomba, kama siangalii nafasi, niangalie nini?”

Nimemwambia aangalie kalamu, yaani nani anaziandika dramu. Aje Jumamosi na pedi yake ya mazoezi.

Jumatatu, 10 Novemba

Ushahidi wa nilichomwambia kuhusu nafasi upo tele. Mwaka 2014 Blue Devils walimaliza na 99.650, alama ambayo hakuna kikosi kingine kilichowahi kuifikia. Tuzo ya dramu ya mwaka huohuo ikaenda kwa Santa Clara Vanguard. Mwaka 2010 Blue Devils walikuwa mabingwa, dramu wakachukua Phantom Regiment. Na 2018 Santa Clara walichukua vyote viwili, ubingwa na dramu, kwa hiyo siwezi kusema kwamba mambo haya mawili hayakutani. Hukutana. Ila hayafuatani.

Tuzo yenyewe imepewa jina la Fred Sanford, aliyeziandikia dramu za Santa Clara katika miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2000. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba hutolewa kwa wastani wa siku tatu: mchujo, nusu fainali, fainali. Ubingwa unaamuliwa usiku mmoja. Napenda sana tofauti hiyo. Dramu inapimwa kama kazi inayorudiwa: umefanya leo, ufanye kesho, ufanye na keshokutwa. Mtunzi anayeandika kitu kinachowezekana mara moja kwa bahati ataumbuka siku ya pili.

Karatasi nayo ina nusu mbili. Nusu moja inapima kilichoandikwa, nusu nyingine inapima kilivyopigwa. Hapo ndipo penye mvutano wote. Ukiandika kigumu, unapanda upande mmoja na unaweza kuteleza upande wa pili. Ukiandika chepesi na kikapigwa bila doa, jaji atakusifu kwa usafi na kukunyima kwa uzito. Kila mtunzi wa dramu za uwanjani ninayemjua kwa kazi zake anaishi katikati ya nusu hizo mbili, na mtindo wake ni namna alivyochagua kuishi humo.

Jumamosi, 15 Novemba

Kijana amefika mapema. Shikamoo, marahaba, viatu mlangoni, pedi mezani. Tumeanza na sauti kwanza kabla ya mitindo, kwa sababu naona anausikiliza muziki wa uwanjani kama muziki wa chumbani.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una urefu wa kama mita 91 na upana wa kama mita 49. Mpiga snea akisimama mita 30 nyuma ya marimba, pigo lake linachelewa kufika mbele kwa karibu sehemu tisa za mia za sekunde. Unaweza kuiona ndogo. Lakini kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida kwao, robo ya pigo moja ni kama sehemu nane za mia za sekunde. Maana yake, wote wawili wakimfuata kiongozi wa jukwaani kwa macho, wakampata sawasawa kabisa, hadhira itawasikia wamepishana kwa noti nzima. Wamefanya haki, na masikioni ni vurugu.

Ndiyo sababu wapiga ala za mbele hawamtazami kiongozi. Husikiliza nyuma, wakaziacha snea ziwafikie, kisha wakapiga juu yake. Na ndiyo sababu mtunzi mzuri huandika akiwa na ramani. Anajua katika kipimo cha arobaini snea watakuwa katikati au pembeni, wakienda mbele au wakirudi kinyumenyume, na besi watano wametawanyika au wamekaribiana. Mstari mmoja wa noti unaweza kuwa rahisi pale katikati na usiwezekane upande wa kushoto. Hilo karatasi ya noti peke yake haikuambii.

Kijana amenyamaza kidogo, halafu akauliza besi inakuwaje. Nimemweleza. Katika safu ya besi, mtu mmoja hapigi mstari mzima. Mstari unakatwakatwa, kila mmoja anapewa noti yake, pengine moja tu, halafu anasubiri zamu yake irudi. Kwa mapigo 180, noti za robo zinapita kumi na mbili kwa sekunde. Kila mmoja anaweka yake kwenye tundu lake, na mtu wa mbali anasikia mkono mmoja ukipanda na kushuka ngazi. Kwangu mimi hakuna kitu kigumu zaidi uwanjani kuliko hicho, na sijui kwa nini vijana wote wanakimbilia snea.

Jumapili, 23 Novemba

Leo nimesikiliza kanda za zamani tu, za miaka ya 1970, mpaka jioni.

Mtu aliyezoea za leo atasema zile zilikuwa nyepesi. Noti chache, nafasi nyingi, snea nyingi zikienda pamoja kwenye rudimenti zinazotambulika: flamu, paradidoli, roli za kupimwa. Kabla ya kusema ni nyepesi, atazame zilihukumiwaje. Hadi 1983 alama zilikuwa za kukatwa. Jaji alitembea uwanjani katikati ya wapigaji, karatasi mkononi, na kila kosa alilolisikia lilikuwa sehemu moja ya kumi imekwenda. Kijiti kimegusa ukingo, umekatwa. Flamu mbili hazikufunguka sawa, umekatwa. Unaanza na ukamilifu, unamalizia na kilichobaki.

Mtunzi aliyeandika chini ya jaji wa namna hiyo alikuwa anaandika chini ya panga. Noti isiyo ya lazima ilikuwa hatari isiyo na malipo. Kwa hiyo waliokoa. Waliandika kinachoweza kulindwa. Na bado Sanford, ndani ya kanuni hizo, aliwafanya Santa Clara wapige kama sehemu ya okestra: snea zinajibu tarumbeta, tenori zinabeba wimbo, besi zinapandisha sauti badala ya kuhesabu hatua tu. Santa Clara walikuwa mabingwa 1973, 1974 na 1978. Ukimsikiliza leo, usimtafutie wingi wa noti. Sikiliza anapokaa kimya. Anaacha vipimo vizima vya kimya kwenye snea, na zikirudi zina maana.

Halafu wapo Bridgemen wa Bayonne, New Jersey, na makoti yao ya njano, na Dennis DeLucia akiwaandikia jazi na midundo ya Kilatini. Chini ya panga lilelile! Sanford alilijibu panga kwa nidhamu ya okestra, DeLucia akalijibu kwa mdundo unaomfanya jaji mwenyewe atikise kichwa. Jambo hili linanifurahisha kuliko orodha yoyote ya washindi. Kanuni moja, kalamu mbili, na wala hazifanani.

Mwaka 1984 mfumo ukageuzwa. Alama zikaanza kujengwa kutoka chini, unalipwa kwa ulichofanya badala ya kukatwa kwa ulichoharibu. Miaka michache tu baadaye noti zimejaa. Si kwa sababu vijana wa 1986 walizaliwa na mikono bora kuliko ya baba zao. Noti ngumu sasa ilikuwa na malipo.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, kwa dada. Pilau na bata mzinga pamoja, kama kila mwaka.

Dada ameniuliza pembeni kama hili jambo la dramu lina faida gani, maana ada ya msimu mmoja ni maelfu ya dola na kijana hatafanya kazi kiangazi kizima. Atalala kwenye basi na kwenye sakafu za shule. Nimemwambia ukweli: hakuna mshahara, na umri ukishapita 21 mlango unafungwa. Ana miaka 19. Akiingia, ana misimu michache basi. Dada amesema, “Basi kaka, hakikisha anakwenda mahali atakapofundishwa, asiende mahali pa kupiga picha na kombe.”

Dada hajui flamu ni nini, na amelisema jambo lenyewe vizuri kuliko nilivyoliandika mimi hapa.

Jumanne, 2 Desemba

Naendelea na sababu, kwa kuwa kijana atauliza tena kwa nini snea za leo zinasikika kama mvua ya mawe.

Kanuni peke yake haitoshi kueleza. Kuna na ngozi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 walianza kuvisha snea ngozi zilizofumwa kwa nyuzi za kevla, nyuzi zilezile za fulana za kuzuia risasi. Unaweza kuzikaza kupita kiasi cha ngozi za plastiki. Zikakazwa hadi magamba ya mbao na vyuma vya ngoma za zamani vikashindwa kustahimili, ikabidi ngoma yenyewe iundwe upya ili mvutano ubebwe na vyuma badala ya mbao. Matokeo: kijiti kinaruka chenyewe, sauti ni kavu na fupi, kila noti inasikika hadi safu ya mwisho ya viti. Kabla ya hapo roli ya haraka ilikuwa wingu. Sasa ni punje, na unaweza kuzihesabu. Mtunzi anaweza kuandika punje kwa sababu zitasikika, na asipoziandika jaji atajiuliza ziko wapi.

Tulichopoteza ni kina. Snea ya zamani ilikuwa na sauti ya chini, ilikaa hewani kidogo, ilikuwa na mwili. Sioni aibu kusema naikumbuka.

Na mwaka 1982 waliruhusu ala kuwekwa chini mbele ya uwanja. Kabla ya hapo hata timpani zilibebwa, kila mtu na yake moja kifuani, wakigawana wimbo kama besi wanavyogawana sasa. Ala zilipotua, marimba na vibrafoni kubwa zikaingia, na mtunzi wa dramu akawa ghafla na wimbo wake na maafikiano yake bila kuwaomba tarumbeta. Mwaka 2004 wakaruhusu vipaza sauti kwa ala hizo. Hapo mpiga marimba akapunguziwa mateso: hakuhitaji tena kugonga kwa vichwa vigumu ili asikike mbele ya tarumbeta zaidi ya hamsini. Akaweza kupiga taratibu. Wapo wazee wanaolilaani jambo hilo hadi leo. Mimi nadhani ni mabadiliko bora kabisa kwa uandishi wa dramu tangu 1984, maana yalirudisha ulaini ambao kevla iliuondoa.

Jumamosi, 6 Desemba

Siku ya kubishana. Nimempa kijana maonyesho mawili ya 1993, fainali ya Jackson, Mississippi, Cadets na Star of Indiana, nikamwambia asiangalie alama kwanza.

Star walikuwa wa jimbo letu hili, Indiana, wa Bloomington, waliingia mashindanoni 1985 na kufika 1991 walikuwa mabingwa. Kwa 1993 walichagua Medea ya Samuel Barber na muziki wa Bartók wa ala za nyuzi, ala za midundo na selesta. Thom Hannum ndiye aliyekuwa na kalamu ya dramu, yuleyule aliyekuwa na Garfield Cadets, Cadets haohao, walipochukua ubingwa 1983, 1984 na 1985. Kwa hiyo usiku ule kalamu ile ilishindana na kikosi ilichokijenga yenyewe.

Kinachonishangaza kwa Hannum wa 1993 ni kwamba hakuna sehemu dramu zinajitangaza. Hakuna ile dakika ambayo kila mtu ananyamaza ili snea waonyeshe mikono. Dramu zinakwaruza, zinauma, zinapotea, zinachomoza mahali ambapo tarumbeta zimeacha jeraha. Zimeandikwa kutoka ndani ya Barber na Bartók. Ukiziondoa, onyesho linaanguka. Ukizisikiliza peke yake, huwezi kuzielewa. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mtunzi.

Cadets walikuwa upande wa pili wa dunia: mwendo wa kasi, damu, uwanja unachemka, snea zinakimbia na wachezaji wanakimbia nazo.

Matokeo: Cadets 97.4, Star 97.3. Sehemu moja ya kumi. Star hawakurudi tena mashindanoni. Waligeuka kuwa watu wa jukwaani, na onyesho lao la Blast! lilifika Broadway 2001 na kupata tuzo ya Tony.

Kijana amesikiliza mara mbili, halafu akasema, “Mjomba, hawa Star wangeshinda leo.” Inawezekana. Maonyesho ya miaka hii ya karibuni yanawafuata Star kuliko yanavyowafuata Cadets wa mwaka ule. Lakini sitaki afikiri kwamba majaji wa 1993 walikuwa viziwi. Kupiga vile kwa mwendo ule, uwanja mzima, bila kuchanika, ni kitu kikubwa, na karatasi iliwalipa Cadets kwa kilichokuwa kikithaminiwa mwaka ule. Orodha haisemi uongo. Inajibu swali lililoulizwa mwaka huo na watu wa mwaka huo. Kosa ni letu sisi tunapoichukua orodha ya 1993 na ya 2014 na ya 2025, tukazipanga kwenye meza moja na kuuliza nani bora.

Jumatano, 17 Desemba

Kijana ana mitihani, haji wiki hii. Nimebaki na kalamu tatu za kizazi cha karibu, na nataka niziandike nikiwa bado nazisikia.

Scott Johnson, Blue Devils, Concord, California. Amekuwa na kikosi kile kwa miongo mingi, na huo peke yake ni mtindo. Asili ya Blue Devils ni jazi, na hata wanapopiga kisicho jazi kuna ulegevu wa mabega, kuna kubembea. Sentensi zake zinakwenda kama mtu anayeongea bila haraka hata mapigo yakiwa ya haraka. Ugumu wake uko chini ya maji: unaona kijana ametulia, anatabasamu, na mkono wa kushoto unafanya jambo ambalo likipunguzwa mwendo linatisha. Mazoezi yao hujulikana na kila mtoto mwenye pedi katika nchi hii. Kwa maana hiyo Johnson ameandika mikono ya vijana ambao hata hawajawahi kuvaa sare yake.

Paul Rennick, mwalimu wa Chuo Kikuu cha North Texas, aliyekuwa Phantom Regiment kisha akahamia Santa Clara kuanzia msimu wa 2011. Yeye anaandika za kubebwa, Sandi Rennick anaandika za mbele, na kwenye karatasi zao huoni mshono. Marimba inaanzisha sentensi, tenori zinaimalizia. Rennick anaandika sauti za chini kuliko yeyote, vijiti inchi tatu juu ya ngozi, vipimo na vipimo, na kupiga chini kwa usawa ni kugumu kuliko kupiga juu kwa fujo. Kisha anafungua, na unajua kwa nini amesubiri. Yeye ndiye mrithi wa kweli wa Sanford ninayemsikia, na kwamba aliishia kwenye kikosi kilekile cha Sanford inanipa furaha ambayo siwezi kuitetea kwa hoja.

Colin McNutt, aliyekuwa Cadets kabla ya kwenda Boston. Yeye ni kasi na mwanga. Noti zake ziko mbele ya ulimi. Mpangilio wa mikono unabadilika ndani ya pigo moja, rudimenti mbili zimeunganishwa kuwa moja isiyokuwamo kwenye zile 40 zilizotangazwa na Percussive Arts Society mwaka 1984. Ukimpenda unampenda papo hapo. Nilichelewa kumpenda, sasa nampenda: ukizisikiliza mara ya tatu unagundua kwamba kasi yote ile ina hewa ndani yake, kuna mahali pa kuvuta pumzi, na amekuwekea wewe msikilizaji mahali hapo kwa makusudi.

Tazama basi majina hayo. Wawili kati ya watatu walihama. Rennick alihama na sauti ikahama naye. Kufika 2014 Santa Clara wana tuzo ya dramu. McNutt vivyo hivyo, alihama na kasi yake. Bendera inabaki, kalamu inaondoka. Na wakati mwingine bendera ndiyo inayoondoka: Cadets, walioanza 1934, walifunga milango Aprili 2024, Santa Clara wenyewe hawakushindana 2023 kwa matatizo ya fedha, wakarudi mwaka uliofuata. Kijana anayeomba nafasi kwa kufuata nafasi za mwaka jana anafuata bendera. Anaweza kufika akakuta mwandishi mwingine, walimu wengine, na mikono yake haikulelewa kwa lugha hiyo.

Hilo ndilo nitakalomwambia.

Jumapili, 28 Desemba

Mvua ya barafu. Nimefungua tena kitabu cha Terence Ranger cha 1975 juu ya ngoma ya beni. Wazee wetu wa pwani walijua mashindano ya aina hii bila karatasi za alama: vikundi vya Marini na Arinoti, gwaride, tarumbeta, madaraja ya kijeshi ya kujipa, na uhasama uliosambaa Tanganyika nzima baada ya Vita vya Kwanza. Hapakuwa na jaji wa kukata sehemu za kumi. Mji uliamua, na mji haukuwahi kukubaliana. Sidhani waliteseka kwa kukosa orodha. Lakini nadhani pia hakuna aliyetunza kwa maandishi mpiga dramu wao alikuwa anapiga nini hasa, na hapo nawaonea wivu Wamarekani na kanda zao na karatasi zao.

Jumamosi, 3 Januari 2026

Amekuja. Heri ya mwaka mpya, keki kutoka kwa mama yake, pedi mezani.

Nimemweleza yote, kwa kifupi kuliko nilivyoyaandika. Amebisha, na amebisha vizuri. Amesema, “Lakini mjomba, walimu bora hawaendi kwenye vikosi bora? Basi nafasi inanionyesha walipo.” Ni hoja. Sikumzungusha. Nimemwambia ndiyo, kwa miaka mingi ndivyo ilivyo, na angekuwa anachagua akiwa amefumba macho, nafasi si dira mbaya. Lakini yeye ana masikio.

Halafu nikampa 2008. Phantom Regiment 98.125, Blue Devils 98.100, pale Bloomington, saa moja tu kutoka hapa. Pengo la 0.025, kiasi kidogo kinachotokana na kugawa kwa mbili wastani wa majaji. Nikamuuliza: kama ungekuwa unaomba nafasi vuli ile, ungechagua Phantom kwa sababu ya hicho kipande? Akacheka, akasema hapana. Nikamwambia basi sikiliza snea za vikosi vyote viwili usiku ule. Rennick na Johnson, fainali moja, hali ya hewa moja, majaji walewale. Huwezi kupata ulinganisho wa haki kuliko huo, kwa kuwa kanuni ni ileile na mwaka ni uleule.

Amesikiliza akiwa na vijiti mkononi, akigusa pedi chinichini. Kwa Johnson mabega yake yalishuka, akafuata bila kufikiri. Kwa Rennick alipotea mara mbili, akarudisha nyuma, akapotea tena, na nilimwona uso wake umebadilika. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anataka.

Orodha ameiandika upya. Haina tena namba za nafasi. Kila kikosi kina jina la mtunzi na mistari miwili ya kile alichokisikia, kwa maneno yake mwenyewe, na vingine amevifuta kwa sababu hakusikia kitu. Boston bado wamo, na ameandika kwa nini.

Mkono wake wa kushoto una kazi. Akishuka chini ya inchi tatu unapoteza uzito na flamu zinajifunga. Nimemwandikia vipimo vinane: flamu za zamu kwa zamu, chini kabisa, mapigo 90, bila kupandisha sauti hata mahali pamoja, kisha vilevile kwa 120. Akiweza kunipigia hivyo kwa simu Jumatano bila kukaza kidole gumba, tutaenda kwenye 150.